Unyoya wa Mama Fundi

Mwambie mama fundi wa kompyuta hapa Kasongo kwamba flashi yake ni mbovu, utakuwa umemtukania mama yake. Kila flashi huipangusa kwa ncha ya kitenge kabla ya kuichomeka. Dady, mnunuzi wa dhahabu kutoka Salamabila, alimwambia hivyo hivyo, maana kompyuta yake ilikataa mara tatu kuwaka kwa flashi ya kuwekea sistemu mpya, ile programu inayoiendesha. Mama akaijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, ikawaka.

“Flashi iko muzima, papa. Mulango wa mashine yako ndio umeziba.”

Akachokonoa tundu kwa unyoya wa kuku, vumbi jekundu la machimboni likamwagika kwenye karatasi. Akachomeka tena, na mashine ikawaka. Dady alikuwa bado anacheka kwa furaha mama alipoikunja ile karatasi mara nne na kumtia mkononi.

“Vumbi yenye inatoka kwa mutu wa dhahabu haibaki kwangu, kesho utasema nilikuibia. Beba yako.”