Salaam kwa Kiwanda cha Jibini

Mama alipokuja kukaa nami Brampton, kila Jumamosi ya kiangazi nilimpeleka mashambani, kaskazini mwa Toronto, kutafuta majani ya maboga. Wakulima wa kule wanavuna boga na kuyaacha majani yaoze, jambo ambalo mama aliliona dhambi kabisa. Njiani kuna vibao vya historia: vya buluu, maandishi ya dhahabu, vimesimama kwenye nguzo kando ya barabara, vikieleza kwa Kiingereza, lugha asiyoijua mama, palikuwa na nini zamani.

Alipokiona cha kwanza akauliza, "Nani kalala hapa?"

Nilikuwa nimetoka ghalani kazini, miguu inawaka moto, na sina subira hata nikiwa nimelala vizuri. Nikajibu, "Mzee mmoja," ili yaishe.

"Simamisha gari."

Akashuka, akajitanda kanga, akatoa salaam kama wanavyosalimiwa watu wa makaburini kwetu Tanga. Kisha akainua mikono akaomba dua. Nikamwambia kupitia dirishani, "Mama, hawa Wakristo."

"Hawa nawasabahi tu. Ukipita kwa watu hupiti kimya. Dua namwombea wa kwangu."

Wa kwake ni kaka yangu. Alifariki Tanga mwaka uliotangulia, mama akiwa tayari huku, akazikwa siku ileile. Makaratasi ya mama ya ukaaji yalikuwa bado hayajatoka, na tuliambiwa akiondoka huenda asirudi. Mimi ningeweza kwenda. Nilisema siwezi kumwacha mama peke yake, na kila mtu akanisifu.

Tangu siku ile kila kibao kikawa kaburi. Ningemwambiaje ukweli? Kinu cha kusagia ngano nilikigeuza bibi mcha Mungu. Shule ya chumba kimoja ikawa ndugu mapacha, na mama aliwasikitikia hao mpaka tunafika nyumbani. Yeye akishuka, mimi nilibaki garini, injini inaunguruma, natazama simu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi moja tulimchukua shoga yake wa msikitini, mwalimu mstaafu asiyeweza kupita maandishi bila kuyasoma. Tukasimama penye kibao, mama tayari kainua mikono. Mwalimu akakisogelea kibao, akarekebisha miwani.

"Shoga, mbona hapa wameandika palikuwa na kiwanda cha jibini?"

Mama akashusha mikono taratibu. Jioni tulibaki wawili jikoni, anachuna nyuzi za majani ya maboga.

"Umeniacha niombe dua mbele ya jibini," akasema. Nilitaka kucheka, nikamwona uso. "Kaburi la mwanangu sijalitia machoni. Nikajisemea, nikiwasabahi wa watu, huenda na wangu kuna mpita njia anamsabahi. Kumbe mwanangu mwenyewe ananichezea."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, akaendelea kuchuna majani.

Jumamosi iliyofuata tulitoka tena watatu, na kila kibao nilikisoma kwa ukweli. Daraja la zamani. "Twende," akasema mama. Duka la mhunzi. "Twende." Nilianza kuvichukia vibao vile. Watu wamejaa nchi nzima, na wanachokumbuka ni madaraja!

Karibu na shamba tulilozoea kuchuma majani kuna kimoja tulichokuwa tukikipita kwa sababu magugu yalikifunika. Nilisimama. Nikachungulia dirishani kati ya magugu, nikasoma kwamba palikuwa na kanisa dogo, na nyuma yake wamezikwa walowezi wa kwanza na watoto wao. Mawe ya makaburi yalizama ardhini, na wengi wao hawajulikani tena majina. Nilimfasiria mama kila neno.

Hakushuka. Aligeukia kiti cha nyuma.

"Mwalimu, eti kasoma sawa?"

Nimewahi kutukanwa na wasimamizi kazini, wala hakuna lililonichoma kama swali lile. Mwalimu akashuka, akatenga magugu kwa mkono, akasoma mwenyewe polepole, mstari kwa mstari. Nilingoja nimeshika usukani kama mtuhumiwa.

"Kasoma sawa, shoga. Kuna watu hapa."

Mama akafungua mlango, akajitanda kanga. Alikwenda hatua chache, akarudi, akagonga kioo cha upande wangu.

"Shuka na wewe. Alikuwa kaka yako."

Nikazima gari. Nilianza kulia kabla sijafungua mlango.