Kuku wa Mzazi

Tamar hakuwahi kufuga kuku. Alijua maharagwe na mihogo, basi. Lakini binti yake Jemima, aliyeolewa Kasugho, alikuwa na mimba ya kwanza, na mwanamke akijifungua huitwa mzazi, na ni mama yake anayempelekea kuku, anywe mchuzi apate nguvu. Asiyepelekewa husemwa na wakwe mpaka mtoto aote meno.

Tatizo ni kwamba vita vilikuwa vimemaliza kuku wa Butembo. Walibaki vifaranga tu, maana hata askari haoni nyama kwenye kifaranga. Tamar akanunua kikapu kizima, akawaleta nyumbani Kimemi na kuwalaza chumbani kando ya mbabula, jiko la makaa, kwa sababu baridi ya Butembo haimwonei huruma mtu mzima, sembuse kifaranga. Wengine walikufa hata hivyo. Waliopona walikula pumba, wakala mchwa, wakala na sabuni. Mumewe Éliakim alihamia sebuleni akisema wananuka. Hakuna aliyembishia.

Walipoota mikia wakatolewa uani, na askari mmoja aliyetoka Beni akawaona.

"Mama, hii makuku ni ya nani?"

Tamar aliogopa, na woga ukamjibia. "Ni ya Mungu. Ni malimbuko. Nilishaipatia kanisa yote."

Askari akavua kofia. Kumbe alikuwa mtu wa maombi. Hakugusa hata unyoya. Akaenda moja kwa moja kwa Pasta Ananie kumpongeza kwa kuwa na waumini wa namna hiyo.

Jumapili Pasta akatangaza mbele ya watu wote kwamba Mama Tamar amemtolea Bwana kundi zima, na atalileta juma lijalo. Kanisa likapiga makofi. Éliakim alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Katikati ya juma habari ikafika kwamba Jemima amejifungua.

Kumnyima Mungu Tamar aliogopa. Kumnyima Jemima hakuweza. Jumapili akawafunga kuku miguu, akawaweka mbele ya madhabahu, nao wakachafua zulia. Pasta alipoinua mikono kuwabariki, Tamar akainama, akamwokota tetea mwekundu, mnene kupita wenzake, akamtia kwapani.

"Lakini Mama, si ulishaitoa yote?" Pasta akauliza taratibu.

"Nilitoa, Pasta. Hii moja narudisha. Mungu hana muzazi ku nyumba. Miye niko naye."

Akina mama wa kwaya wakaanza wimbo ambao zamu yake haikuwa imefika, na Tamar akatoka nao ukiendelea, akashika njia ya Kasugho.

Kule mama mkwe alimtazama kuku kwanza, ndipo akamsalimu mgeni. Maji yakawekwa motoni. Jemima akapewa bakuli, mtoto kifuani, akanywa kidogo, akainua macho.

"Na weye, mama, wakati ulinizala, walikuletea kuku?"

"Hapana," Tamar akasema. "Kunywa."