Nilificha taa ya kobalti, yeye akapoteza doktora yake

"Wanawake wanaacha masomo ya doktora ya kemia kwa sababu ya bwana na watoto." Ndivyo alivyoandika msomaji mmoja kwenye ukurasa huu juma lililopita, na wengi wakampigia makofi. Ni uongo. Ninamjua mmoja aliyeacha, hana bwana wala mtoto. Aliacha kwa sababu yangu. Admin, ficha jina langu.

Nina miaka arobaini na tisa. Ninasimamia labo ya uhandisi wa kemia katika chuo kimoja hapa Lubumbashi. Mnaonisoma kwa jina langu la kweli mnanijua: mimi ndiye yule anayewachapa maprofesa kwa maneno hapa Facebook kila juma, kwamba wanawazibia vijana njia. Ijumaa ijayo ni soutenance yangu: ninatetea doktora yangu mbele ya jury, jopo la watahini.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa wawili kwenye labo, mimi na assistant mmoja, mwanamke kutoka Pweto. Kwa ajili ya doktora zetu, sote tulitafuta namna ya kutoa kobalti kwenye maji machafu ya migodi. Mashine inayoipima haifanyi kazi bila taa yake maalum, na labo ilikuwa na taa moja tu, tena imeanza kuchoka. Niliifungia kwenye droo yangu.

"Chef, lampe ya cobalt iko?"

"Iliungua, maman. Tulishaomba ingine."

"Aah, chef! Munapiga baprofesa kila siku kwa Facebook, mubapigie basi na kelele ya lampe yetu!"

Akacheka. Nami nikacheka.

Nilikuja Jumapili, watu wakiwa misa, nikapima sampuli zangu. Baada ya miezi miwili nilimaliza, na taa ilikuwa bado inawaka. Hapo ningeweza kumpa. Lakini ningesema imetoka wapi? Nikaiacha kwenye droo. Yeye akaendelea kuandika barua za kuomba taa, mpaka mandat yake, yaani mkataba wake wa uassistant, ikaisha bila matokeo. Chuo hakikuiongeza, na doktora yake ikaishia hapo. Sasa anafundisha sekondari kwao.

Msinitetee kwa kusema vifaa ni vichache. Vilikuwa vichache kwetu sote wawili, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Jana alinipigia simu. "Chef, nimesikia! Niko nakuja kwa soutenance. Niko naleta samaki ya Pweto, jury ikule, bajue chef wetu iko na bantu!" Kisha, polepole: "Mulinivumiliaka sana. Bengine balinifungia milango."

Nilimjibu: "Karibu, maman."

Mke wangu, niliyemwambia yote, anasema: "Nyamaza. Pata diplome kwanza. Ukikuwa profesa utamurudisha." Ni maneno yale yale ya kila profesa niliyemchapa.

Sihitaji huruma. Ninataka jibu la wanawake mliotolewa kwenye doktora na mtu kama mimi: niiandikie jury kabla ya Ijumaa, au nimwambie yeye kwanza, uso kwa uso, akishuka kwenye gari? Wanaume wenzangu wa labo, leo nyamazeni. Dada zangu, semeni.