Alilamba Chumvi Tu

Ulikuwa mwaka wa tano wa mbio zetu za baiskeli za mlimani. Hapana, wa sita, maana wa tano mvua ilikata njia. Mjomba Lourens alilinda geti la shamba lake huku Karoo, nyika kavu ya Afrika Kusini, ambamo njia ya mbio ilipita. Saa nane kamili alilifunga, na aliyechelewa alirudishwa kwa gari. Kwenye meza ya kina mama hapo getini, waendeshaji waligombea viazi, mikate ya jamu na soda. Mwendeshaji mmoja tu hakusogea. Kila mwaka alisimama peke yake kwenye seng'enge, akiwapa watu mgongo, akitafuna taratibu nyama kavu yenye mafuta na vipande vya siagi kutoka kwenye karatasi. Wanga hagusi; mafuta, alisema, ndiyo kuni zake. Geti lilikuwa limeshamfungia mara tatu.

Mwaka huo alifika zimebaki dakika mbili, anatetemeka kwa njaa, karatasi yake ya nyama imedondoka njiani. Shangazi Alida wa pale mezani akampa kiazi cha moto chenye chumvi. "Kula, mwanangu, haking'ati."

"Muache, Shangazi, huyo anaogopa viazi kuliko chui!" mwendeshaji mmoja akapaza sauti, wenzake wakacheka.

Alikishika kwa mikono miwili, akakinusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Kisha akalamba chumvi yote, akamrudishia Shangazi kiazi kizima. "Asante, Shangazi." Akapanda baiskeli.

Saa nane ilikuwa imeshapita. Mjomba akalishikilia geti wazi, na yule alipompita akamuuliza: "Na nyumbani, mwanangu, unakula na nani?"