Nilikataa Kreti za Bia, Injini ya Baba Mkwe Ikapasuka

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kulizungusha, maana kulizungusha ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote hii.

Ilikuwa wakati wa vita. Mimi nauza vitambaa hapa Gitega, na siku hizo nilikuwa nataka kuingia kamati ya msikiti. Mtu mzito! Nilitembea polepole barabarani ili watu wapate nafasi ya kunisalimia.

Baba mkwe wangu anakaa Muyinga. Alikuwa na Pejo 404 ya zamani, aliyoipenda kuliko sisi wakwe zake wote kwa pamoja. Kule kwake kila mwenye bunduki alikuwa anakuja kuazima gari, na gari lililoazimwa namna hiyo halirudi. Basi nikaingiza kiherehere changu: "Baba, nileteeni mimi, nitawatunzia." Akalileta.

Watu tulikuwa na dawa moja. Unang'oa injini, unaificha ndani ya nyumba. Anayekuja kuazima anakuta bati limekaa uani, anatukana kidogo, anaenda zake.

Nikamwita fundi Bahati, Mkongomani wa Uvira aliyekimbia vita vya kwao akaangukia vya kwetu. Jamani, yule mtu alikuwa na subira! Alitoa betri, akamwaga maji na mafuta, akafunga kipande cha kitambaa kwenye kila bomba ili ajue litarudi wapi. Akasimamisha nguzo tatu za mkaratusi, akafunga mnyororo sehemu mbili za injini, akaivuta juu taratibu. Mtu yeyote asipite chini yake, alisema, hata kuku.

Tulipoiingiza sebuleni bado imening'inia kwenye gogo mabegani mwa watu wanne, akaniambia, "Patron, sasa tunahitaji kaziye ine za bia. Tunaweka mbao juu, moteri inakaa, tunaibana huku na huku. Ile sahani ya mafuta ya chini isibebe uzito."

Kreti za bia! Sebuleni kwangu! Siku ya Ijumaa!

"We Bahati, unataka kunimaliza?" nikamwambia. "Watu wakiziona watasema nini?"

"Patron, ziko tupu."

"Hata zikiwa tupu!"

Nikaonyesha meza yangu ya mbao za libuyu, zawadi ya harusi aliyotupa huyohuyo baba mkwe. Bahati akaishika mguu mmoja, akautikisa, akanitazama kwa huruma.

"Hii ni meza ya kukulia wali. Moteri iko nzito kushinda miye na weye. Haitabeba."

"Mwenye nyumba ni nani?" nikauliza. Swali la kijinga, lakini lilimaliza mjadala. Wakaiweka. Bahati akasema anaenda kutafuta magogo ya kuikingia, nisiiguse mpaka arudi.

Sikuigusa. Niliipiga kofi! Wazee watatu wa kamati walikuja baada ya swala, nami nikataka waone jinsi mkwe mwema anavyotunza amana. "Imara kabisa!" nikasema, nikaipiga kofi la pili.

Mguu wa meza ukaenda kushoto, injini ikaenda kulia. Sakafu ikatikisika, mafuta yaliyobaki yakamrukia mzee mmoja kwenye kanzu nyeupe. Ubavuni mwa injini kukawa na ufa mrefu kama kiganja changu. Na enzi zile za vikwazo, mipaka imefungwa, injini nyingine ya 404 ungeitoa wapi?

Sasa hapa ndipo dhambi yenyewe ilipo. Nilimtumia baba mkwe ujumbe: "Mkongomani ameiangusha." Mtu ambaye hakuwepo hata nyumbani! Wale wazee waliniona, wakanyamaza kwa heshima yangu. Habari ikaenea, Gitega nzima ikaacha kumpa Bahati kazi. Baba mkwe akatuma lori likachukua gari na injini, na Bahati akapanda lori lilelile. Aliniambia tu, "Patron, ninaenda kumuomba mzee pardon." Mke wangu aliyasikia hayo, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Baada ya miezi tukaitwa Muyinga, mimi na mke wangu. Nikavaa kanzu mpya. Tunaingia uani, nakuta nini? Injini imekaa juu ya kreti nne za bia! Ufa umezibwa vizuri, Bahati anaifuta. Pembeni yake baba mkwe, haji mzima, na kofia yake kichwani, amekaa juu ya kreti ya tano.

"Karibu, mkwe," akasema. "Huyu kijana ameniomba msamaha mpaka nimechoka, lakini hataki kuniambia ilikuwa imewekwa juu ya nini. Niambie wewe."

Mungu alinipa nafasi pale, wasomaji! Nikajibu nini? "Juu ya kreti, Baba."

Bahati akainamisha kichwa, kwa aibu iliyokuwa yangu. Mke wangu akafungua kikapu chake, akatoa mguu wa meza ya libuyu, akauweka miguuni mwa baba yake.

Mzee aliugeuza mkononi. "Meza tutatengeneza nyingine," akasema. Halafu akatoa funguo za 404 mfukoni, akampa Bahati.

Kamati ya msikiti sikuingia. Mke wangu alibaki Muyinga miezi mitatu. Na vita vilipoisha, Bahati akawa anabeba abiria Muyinga na Gitega kwa gari lile. Akinikuta njiani natembea na mzigo wangu wa vitambaa, hupunguza mwendo, hufungua mlango: "Patron, panda, ni bure."

Mimi humjibu kwamba daktari ameniambia nitembee. Daktari gani! Hata msamaha sijamuomba.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwita fundi, muache afanye kazi yake. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, ungali na mtu wa kumwambia. Usingoje kama mimi, maana njia ya Muyinga ni ndefu kwa miguu, na lile gari linapita kila Ijumaa.