Kizingiti, Bingwa wa Kulinda Ngome

Kwa wiki saba mfululizo mtunza stoo aliondoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, akaenda kazini ambako hakukuwa na kazi. Kiwanda cha samani alichokitunzia misumari, bawaba na gundi kwa miaka kumi na tisa kilikuwa kimefungwa. Lango lilitiwa kufuli, tangazo likabandikwa, na mkewe hakuwa na habari.

Alikusudia kumwambia siku ile ile. Lakini alipofika alimkuta mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, anasahihisha madaftari huku akicheka peke yake kwa jibu la mtoto fulani. Akasema kesho. Kesho ikazaa kesho kutwa, na kesho kutwa nayo haikuwa tasa.

Mchana kutwa alikaa kwenye benchi la nyuma kwa kinyozi, rafiki yake tangu shuleni, mtu pekee aliyejua. Pale ndipo alipoanza kucheza mchezo wa kulinda ngome kwenye simu. Mazimwi huja kwa makundi, yanafuata njia kuelekea lango, nawe unajenga minara kando ya njia kuyazuia. Mwanzoni ulikuwa wa kupitishia muda tu. Alipofika hatua ya arobaini na moja akakwama siku tatu, usingizi ukampaa. Akajiunga na kundi la wachezaji mtandaoni, akajiita Komeo, akaomba msaada.

Aliyemjibu aliitwa Kizingiti.

"Unapanga minara kama mtu anayeanika nguo, moja moja mpaka kamba iishe," aliandika Kizingiti. "Tazama njia kwanza. Watu wakitembea wengi, husongamana kwenye kona. Jenga konani, uwapige wakija na uwapige wakipita."

"Hawa si watu, ni mazimwi," akajibu.

"Zimwi likishapanga foleni ni mtu tu."

Kesho yake tena: "Usikimbilie mizinga. Tanguliza mnara wa barafu uwapunguze mwendo, ndipo mzinga upate nafasi ya kulenga. Afadhali minara mitatu iliyokomaa kuliko kumi michanga. Na dhahabu usiimalize yote. Wimbi la tisa linaleta wenye mabawa, na mizinga yako haijui kutazama juu. Weka akiba ya minara ya mishale."

Alifanya hivyo hivyo. Hatua ya arobaini na moja ilipopita alipiga ukelele ambao ulimfanya kinyozi amkate mteja sharubu upande mmoja.

Tangu hapo akamwita Kizingiti "Mkuu". Kichwani mwake alimwona mwanajeshi mstaafu mwenye kifua kipana, maana nani mwingine angejua vita namna ile? Na mtu ukimwamini kwa minara, utamwamini kwa mengine.

"Mkuu," aliandika siku moja, "leo wiki ya nne sina kazi na mke wangu hajui. Ananifungia chakula cha mchana, nakilia kwa kinyozi."

Jibu lilichelewa. "Mwambie."

"Naogopa. Wala si yeye tu. Mama mkwe yuko kwetu tangu alipovunjika nyonga. Hasemi kitu, lakini ana macho ya eksirei. Nikipita sebuleni natembea kama niliyeiba kuku."

Jibu likachelewa zaidi. "Wakwe ndivyo walivyo. Mwambie mkeo."

Akaambiwa mara nne. Mara nne akaahidi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtunza stoo aliumbuliwa na miwani. Ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Alikuwa amekwama hatua ya hamsini na sita, akaomba maelekezo. Safari hii Kizingiti hakuandika. Alituma picha: tableti imewekwa juu ya meza, minara yote imepangwa kwenye kioo chake, kila mmoja mahali pake. Mtunza stoo akaikuza aone vizuri, na kidole kikateleza pembeni. Kando ya tableti kulikuwa na miwani. Mkono wa kushoto wa miwani hiyo ulifungwa kwa waya wa shaba, na juu ya waya uzi mwekundu mizunguko sita.

Alijua ni sita kwa sababu alizungusha mwenyewe, mwezi uliopita, alipoitengeneza miwani ya mama mkwe.

Simu ilimtoka mkononi ikaanguka kwenye nywele zilizofagiliwa.

"Vipi, umefiwa?" kinyozi akauliza, mashine ikinguruma hewani.

"Nimekufa mimi."

Akaiokota simu, akaanza kurudi nyuma katika maandishi. Akayaona macho ya eksirei. Akamwona kuku. Akakiona chakula kinacholiwa kwa kinyozi. Yote hayo alimwandikia mwanamke ambaye katika miezi mitano hawajapata kuzungumza zaidi ya "shikamoo Mama" na "marahaba baba". Mama yule alikuwa karani wa mapokezi hospitalini kwa miaka thelathini. Ndiyo maana anajua foleni! Jasho likamtoka mpaka kwenye vifundo vya mikono.

Alipoteza dakika kumi nzima katika fadhaa hiyo kabla hajaona kwamba chini ya picha palikuwa na maneno.

"Mkwe wangu, leo mwenzio anamaliza vipindi mapema. Kasema atapitia kazini kwako mrudi pamoja. Una nusu saa. Mkute shuleni kabla hajatoka."

Alikimbia. Mtu wa miaka arobaini na minane, viatu vya ngozi, kalamu zikidondoka njiani. Getini pa shule akaambiwa mwalimu katoka sasa hivi. Akageuza, akashika njia ya kiwandani, pumzi zikimwisha.

Alimkuta amesimama mbele ya kufuli, mkoba begani, anasoma tangazo. Hakugeuka.

"Nimelisoma mara tatu," mkewe akasema. "Nilidhani ni kiwanda kingine."

"Mke wangu..."

"Wiki saba. Na chakula nilichokuwa nakufungia?"

"Nilikila."

"Wapi?"

"Kwa kinyozi."

Mwalimu alimtazama mumewe kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu ndani ya umati. Wakashika njia ya kurudi.

Nyumbani mama mkwe alikuwa sebuleni, mkongojo ubavuni.

"Mama, huyu mtu—"

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Alisema mkwewe kavunjika nyonga. Nikajihesabu, nikajipata."

"Alikwambia yeye? Ninyi hata hamsemezani!"

Mama akaigeuza tableti. Mwalimu akatazama minara, akatazama jina, akatazama namba iliyoandikwa kando: wa tatu kati ya wachezaji elfu kumi na moja. Alikaa chini, wala si kwenye kiti, sakafuni.

"Mimi nilikununulia hii usikilize taarifa ya habari."

"Taarifa ya habari inaisha upesi, mwanangu. Siku ni ndefu."

Mtunza stoo akapiga goti. "Mama, nisamehe kwa yale niliyoandika. Yale ya... macho."

"Ya eksirei? Nimekaa dirishani pale mapokezi miaka thelathini. Nimeitwa makubwa kuliko hayo."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mnara mmoja hauwezi—"

"Hebu niondolee minara yako hapa! Nilikwambia umwambie, ukakaa kimya. Mwombe radhi huyo aliyekaa sakafuni."

Akamwomba. Mwalimu aliwatazama wote wawili na kuuliza polepole, "Kuna kingine mnanificha?"

Wakatazamana. Mama akakohoa. "Mkongojo nimeuacha tangu Jumatatu. Naushika tu mkiwepo, nisije nikafukuzwa."

Siku nne mwalimu hakumsemesha yeyote. Alipika, akapakua, akaenda zake chumbani. Nyumba ilikuwa kimya hata vijiko viliona aibu kugongana. Siku ya tano asubuhi akasimama mlangoni, mkoba begani, akasema bila kumtazama mumewe: "Shuleni kuna madawati sitini yamevunjika. Mwalimu mkuu anatafuta mtu."

"Mimi nilikuwa mtunza stoo, si fundi."

"Unajua msumari upi unaingia wapi. Vaa viatu."

Madawati sitini yakazaa makabati, makabati yakazaa milango ya shule ya jirani. Chakula cha mchana sasa wanakula pamoja, chini ya ukuta wa ofisi ya walimu, na mwalimu hukihesabu kila kijiko kinachoingia.

Na mama mkwe? Salamu bado ni zile zile, shikamoo na marahaba. Ila mtunza stoo akiwa popote, hata juu ya ngazi na nyundo mkononi, simu ikilia na jina likawa Kizingiti, hushuka kwanza, hufunga vifungo vya shati, ndipo asome.