Skrubu za Buluu

Balbu iliwaka tena, nyeupe pe, mbele ya fundi wa redio za magari. Alikuwa ameiunga mahali pa fyuzi, kama alivyofundishwa na marehemu kaka yake: ikiwaka hivyo, mahali fulani waya wa umeme umechubuka na unagusa bati la gari. Nyaya za spika alikwisha kuzing'oa. Sasa akachomoa na za amplifaya, chombo cha kukuza sauti kilichokazwa sakafuni chini ya kiti. Balbu haikupepesa.

“Kaka yako alinifungia muziki huu kwa mkono wake,” alisema dereva wa teksi, ameegemea mlango. “Fyuzi zimeanza kukatika juzijuzi tu. Usiniambie unabahatisha, bwana mdogo!”

“Nyamaza kidogo, mzee wangu. Ukiongea balbu inaona haya.”

Dereva akacheka. Fundi hakucheka. Mwezi uliopita gari la mwalimu lilikuwa limeungua, nalo pia lilifungwa redio na marehemu. Mwalimu alilaumu gereji yao. Shemeji yake fundi, mjane wa kaka, alipita nyumba hadi nyumba kukanusha maneno hayo, na watu wakamwamini yeye.

Akaanza kufungua amplifaya. Kaka yake hakupenda waya uonekane; aliulaza chini ya zulia, kisha akakaza chombo juu yake mpaka kwenye bati. Kila skrubu aliitia tone la rangi ya buluu kichwani, watu wajue ni kazi ya nani. Ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ilipotoka ya nne, balbu ikazimika.

Kwenye ncha ya skrubu hiyo ulining'inia uzi wa shaba; ilikuwa imeutafuna waya polepole mpaka ndani.

“Umepata?” dereva aliuliza.

Shemeji alikuwa amefika na chai, na rangi ile ameiona. “Panya hao,” alisema upesi. “Wametuchosha mwaka huu, au sivyo, shemeji?”

Fundi aliitazama skrubu kiganjani. “Si panya. Ni mkono wetu.”

“Kumbe mwalimu alisema kweli,” alisema dereva.

“Wanangu wanakula kwa jina la baba yao,” shemeji alisema. Akaweka kikombe juu ya boneti, akaondoka bila kugeuka.

Hapo barabarani likapita gari jeupe, spika zikitikisa madirisha ya gereji. Fundi aliitambua kazi ya kaka yake kwa mlio tu. Alitoka mbio, bisibisi mkononi, akipiga kelele kwamba lisimame. Muziki ulikuwa mkubwa mno; hakuna aliyemsikia mle ndani.